Papa, kima na dakika mbili mbele ya mtahini

Hotuba kwa wauguzi, wakunga na wanafunzi wanaojiandaa kwa sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, Mombasa

Ndugu zangu wauguzi na wakunga, na nyinyi vijana mnaotafuta nafasi za vyuo ng'ambo, hamjambo. Asanteni kwa kuja saa hizi za jioni, na najua wengine wenu mmetoka zamu ya mchana moja kwa moja.

Niliombwa nizungumzie mtihani mzima. Nimeomba niruhusiwe kushika kipande kimoja tu: yale maswali ya utotoni na ya kusoma. Hadithi gani uliipenda ulipokuwa mtoto? Nani alikusimulia? Unapenda kusoma nini siku hizi, na kwa nini? Watu huyaona maswali haya mepesi. Mazingira wamejiandaa nayo, teknolojia wamejiandaa nayo, wana aya nzima vichwani kuhusu mabadiliko ya tabianchi. La utotoni wanaliacha kwa kuwa wanadhani halina maandalizi. Kisha wanafika mbele ya mtahini, wanatoa sentensi tatu na kunyamaza.

Na kunyamaza huko kuna gharama. NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga wa Uingereza, linataka bendi ya 7, yaani alama 7 kati ya 9, katika kuzungumza, kusikiliza na kusoma, na 6.5 katika kuandika. Mnakumbuka mwaka 2021: mwezi wa Julai Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya, na mwishoni mwa mwaka huohuo waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda, 10 tu ndio waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Maneno yale yaliwaumiza wengi. Watu waliuliza, inakuwaje, na sisi tumesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi?

Jibu langu ni hili. Kazini mnakabidhiana zamu kwa Kiingereza, mnajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza, mnasoma miongozo ya dawa kwa Kiingereza. Kiingereza hicho mnacho, na ni kizuri. Lakini hakuna nyanya aliyemsimulia yeyote kati yenu kwa Kiingereza. Utoto wetu uliishi ndani ya Kiswahili, Kigiriama, Kidigo, Kitaita, Kikamba, Kijaluo. Mtu anapoulizwa kuuhusu, inambidi auvushe kutoka lugha moja hadi nyingine papo hapo, mbele ya mgeni, saa inakwenda. Muuguzi anayeweza kueleza dalili za nimonia bila kusita anakwama kwenye hadithi ya sungura na fisi. Kwa hiyo utoto nao unahitaji kufanyiwa mazoezi, kama somo jingine lolote.

Muundo wenyewe nitaupitia haraka, maana wengi mnaujua. Dakika 11 hadi 14, sehemu tatu. Ya kwanza ni maswali mafupi kuhusu maisha yako, dakika 4 au 5. Ya pili unapewa kadi, penseli na karatasi. Una dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni mjadala wa dakika 4 au 5 unaotokana na mada ya kadi. Vinapimwa vitu vinne kwa uzito ulio sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna alama ya ukweli wa maoni yako wala ya wingi wa vitabu ulivyosoma. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Sasa twende kwenye kadi. Tuseme inakutaka ueleze hadithi uliyoipenda utotoni: ilihusu nini, nani alikusimulia, ulikuwa na umri gani, na kwa nini uliipenda. Wanafunzi wangu wengi, wakiona kadi hiyo, wanakimbilia hadithi ya binti wa kiatu cha kioo, au ya yule aliyelala usingizi wa miaka mia. Wanadhani Mzungu atataka hadithi ya Kizungu. Au wameikuta kwenye majibu ya mfano wakaikariri neno kwa neno.

Hapo wanapoteza mara mbili. Mtahini amefundishwa kutambua jibu lililokaririwa, na kulitambua si kazi ngumu: sauti inabadilika, macho yanatazama dari, maneno makubwa yanajipanga safu moja na kisha, swali la nyongeza likija, Kiingereza kinashuka ghafla. Hasara ya pili ni kwamba hadithi ile huna picha zake. Hujui jikoni mle kulinuka nini. Ukiulizwa kilichokuvutia, utasema "It was very interesting," na hapo ndipo mwisho.

Mnazo hadithi zenu. Wengine mmekua na Abunuwasi, wengine na sungura anayemzunguka fisi, wengine na Irimũ, zimwi la Wakikuyu, wengine na Apul Apul, zimwi la Wajaluo. Kuna aliyekua karibu na Mto Tana akisimuliwa Fumo Liyongo, jabali asiyeuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe mwenyewe. Niambieni, ni mtahini gani wa Nairobi au Muscat au London ambaye hatainua kichwa akisikia hiyo? Na msidhani hadithi zetu ni ngeni kwa Kiingereza. Kisa cha papa na kima, ambacho wengi wenu mnakijua, Edward Steere alikikusanya Zanzibar pamoja na visa vingine, vikachapishwa London kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1870.

Nitakitumia kisa hicho leo kwa sababu kinaenea vizuri ndani ya dakika mbili. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa anakuja kila siku, kima anamrushia makuyu, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Wakifika katikati ya bahari anamwambia: sultani wetu ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, ungeniambia mapema! Sisi kima mioyo yetu tunaiacha mitini. Turudi nikauchukue. Papa anarudi, kima anaparamia mti, na papa anabaki kungoja moyo usiokuja.

Ile dakika 1 ya kujiandaa usiandike sentensi. Nimeona watu wakiandika "My favourite story when I was a child was" na dakika imekwisha. Andika yale maneno ambayo ukiyakosa utakwama: "fig tree, shark, throw, sultan ill, heart, outwit." Mengi ya kwikwi katika hadithi za utotoni yanatokana na nomino tano au sita tu. Zimwi ni "ogre," fisi ni "hyena," sungura wetu wa hadithini ni "hare," kitendawili ni "riddle." Nomino za hadithi yako mwenyewe zitafute leo usiku, si siku ya mtihani. Na ukikosa neno, eleza kitu chenyewe. Sema "baraza," kisha ongeza: "that's the stone bench outside our house." Kueleza kitu kwa maneno mengine ni ujuzi unaopimwa kwenye msamiati, kwa hiyo hapo unapata alama, hupotezi.

Mwanzo wa jibu uwe mahali na mtu. Sikilizeni: "The story I remember best is about a monkey and a shark. My grandmother used to tell it after supper, whenever the electricity went off. She would call out one word and we had to shout back the answer, otherwise she refused to begin." Hiyo ni paukwa, pakawa yetu, bila ya kuitafsiri. Maneno ni mepesi, kila mmoja wenu anayajua. Lakini ndani yake kuna "used to" na "would" kwa mambo yaliyokuwa yakitokea mara kwa mara, kuna "whenever," kuna "otherwise." Mtahini amesikia miundo minne tofauti kabla papa hajatokea.

Hiyo "used to" naomba tuikazie, kwa sababu Kiswahili kinatuvuta kwingine. Sisi tunasema "nilikuwa nikipenda hadithi," ulimi ukiingia Kiingereza unatoa "I was liking stories." Sahihi ni "I used to like" au "I loved." Vilevile "nilikuwa nikijua" inakuwa "I was knowing." Kama kuna kosa moja ninalolisikia kila wiki katika majibu ya utotoni, ni hilo.

La pili ni kubwa zaidi. Kiswahili kina "-ka-". Ukishasema "kima alipanda mtini" mara moja, yanayofuata yote yanakwenda kwa akachuma, akamrushia, akamwambia. Kitenzi cha kwanza kinavuta vingine kama kichwa cha garimoshi na mabehewa yake. Wakati umeshatajwa, hatuutaji tena. Kiingereza hakina kifaa hicho. Kila kitenzi kinabeba wakati wake chenyewe: "The shark turned round, swam back to the shore, and waited. The monkey climbed the tree and said nothing." Msimulizi wetu anaanza sawasawa, "There was a monkey," lakini kufikia kitenzi cha tatu tayari ni "he throw," "the shark tell him," "he carry him." Wala si kwamba hajui "threw" na "told." Mwandikie mtihani wa sarufi, atapata zote. Akilini mwake "-ka-" bado inafanya kazi, na wakati uliopita anauona umeshasemwa.

Dawa yake ni ya mikono. Chukua hadithi yako, toa vitenzi vyake kumi na tano, viandike kwa wakati uliopita, kisha simulia hadithi kwa vitenzi vitupu ukitembea chumbani: "lived, threw, ate, became, invited, carried, told, thought, left, turned, swam, climbed, waited, called, laughed." Fanya hivyo kila siku mpaka mdomo uzoee. Mtu anaruhusiwa kusimulia kisa kwa wakati uliopo, na wenye lugha hufanya hivyo. Kinachoshusha alama ni kuchanganya: mara "swims," mara "swam," mara "swim." Chagua mmoja, ukae nao hadi mwisho wa kisa.

Na jinsia. Kwetu "a-" inawatosha wote, mwanamume, mwanamke na papa. Kwa Kiingereza amua mapema: kima ni "he," nyanya ni "she." Mtahini akisikia "my grandmother, he told us," haelewi nani alisema nini, na mtiririko unaharibika hata kama sentensi zilizobaki ni safi.

Sasa jambo ambalo ningependa mtoke nalo humu hata mkisahau mengine. Hadithi isile muda wote. Dakika 2 zikifika, mtahini atakukatiza. Hilo ni la kawaida na halikuondolei alama. Lakini kama ulikuwa bado katikati ya bahari juu ya mgongo wa papa, basi hujafika kwenye sehemu ya kadi inayotoa Kiingereza kizuri kuliko zote: kwa nini uliipenda. Kisa kina vitenzi vya kawaida, kimoja baada ya kingine. Sababu ndiyo inayokulazimisha kulinganisha, kukisia, kusema "if," kusema "although." Mwanafunzi mmoja wangu, mkunga, alimaliza kisa kwa sekunde arobaini hivi kisha akasema: "What I liked was that the monkey had no strength at all. All he had was his tongue. I was the smallest of the cousins, so I suppose I needed to hear that." Sentensi tatu. Hakuna neno gumu hata moja, na mtu aliyezisikia anajua kwamba anazungumza na binadamu.

Bendi ya 7, kumbukeni, haidai ukamilifu. Inadai uzungumze kwa kirefu bila kujilazimisha kunakoonekana, uwe na sentensi nyingi zisizo na kosa, na baadhi ya makosa yanavumiliwa. Mtu anayejirekebisha kila neno anaumia zaidi kuliko aliyekosea mara mbili akaendelea.

Nije kwenye kusoma. Swali la kawaida la sehemu ya kwanza ni kama unapenda kusoma. Jibu ninalolisikia: "Yes, I like reading very much because it gives me knowledge." Kisha ukimya. Na mara nyingi si kweli, na ndiyo maana hakuna cha kuongeza. Mtu anaona haya kukiri kwamba hasomi riwaya. Nilisema nitarudia: hakuna alama ya wingi wa vitabu. Muuguzi anayefanya kazi usiku, ana watoto wawili na safari ya matatu asubuhi na jioni, anasoma mambo mengine. Anasoma habari kwenye simu. Anasoma miongozo mipya ya hospitali. Anasoma Kurani au Biblia. Anasoma hadithi za mfululizo zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp, na anazingoja kwa hamu kila Ijumaa. Huko ndiko kusoma kwake, na kuna mengi ya kusema.

Mfano: "Not novels, to be honest. I work nights, so I tend to read short things, mostly news on my phone. But there's a story a friend sends me in instalments, and I get quite annoyed when she's late with it." Mtu amesema hapana, na bado jibu limejaa. Lina kinyume chake, lina sababu, lina hisia. Ukilinganisha na lile la "knowledge," lipi limetoka kwa mtu aliye hai?

Msitafute nahau za kupamba. Kila mtahiniwa sasa anasema "I am a bookworm," na mtahini ameisikia asubuhi hiyohiyo. Afadhali maneno yanayoeleza namna unavyosoma kweli: "I skim the headlines," "I go back to it," "I gave up halfway," "I couldn't put it down." Hilo la kuacha kitabu katikati ni zuri sana kwa sababu linakualika ueleze kilichokuchosha.

Na sarufi ya kupendelea ina mtego wake. Kwetu kuna "kuliko," nayo inatuvutia "than." Lakini ni "I prefer short stories to novels," halafu "I'd rather listen than read." Ya kwanza "to," ya pili "than." Na ni "I enjoy reading," kamwe si "I enjoy to read." Ziseme mara nyingi mpaka zisikike kwenye sikio kama za kwenu.

Sehemu ya tatu inataka mtoke kwenye "mimi" muingie kwenye "watu." Anaweza kuuliza kama wazazi wa leo bado wanawasimulia watoto hadithi. Hapa wanafunzi wangu hurudi kwa nyanya yao tena, wakati swali ni kuhusu jamii. Nyanya anaweza kuwa mfano, lakini baada ya hoja: "I think it depends on where the family lives. In the villages grandparents tend to be around in the evening, whereas in town both parents come home late and the television does the talking." Silaha zenu ni "tend to," "whereas," "it depends on," na "may." Epukeni "everybody" na "nowadays people don't." Na "moreover," "furthermore," ziacheni kwenye insha, mdomoni zinasikika kama mtu anayesoma barua ya ofisi. "So," "but then," "the thing is" zinatosha kabisa.

Matamshi nitayagusa kidogo. Lafudhi yetu haiondolewi alama. Kinachopimwa ni kueleweka. Lakini mkazo wa Kiswahili karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hadi Kiingereza. Tunasema cha-RAC-ter wakati ni CHA-rac-ter. Tunasema bio-GRA-phy wakati ni bi-OG-ra-phy. Tunasema li-te-ra-TU-re wakati uzito uko mwanzoni kabisa. Maneno ya kusoma na ya hadithi ni machache, yapitieni yote kwenye kamusi yenye sauti. Na zile "-ed" za mwisho zisimezwe: "climbed," "laughed," "waited." Ulizifanyia kazi kwenye sarufi, basi zisikike.

Mwisho wa kipindi changu ni kazi yenu. Kila mmoja ana hadithi moja ya kwao. Kama imesahaulika, pigieni simu nyumbani leo muulize mama au shangazi, kwa lugha yenu. Kisha isimulieni kwa Kiingereza kwenye simu, mjirekodi, msikilize mkihesabu vitenzi vilivyopoteza wakati wake. Rekodini tena kesho yake bila karatasi. Msiikariri, kila mara ianzeni mahali tofauti, mara kwa nyanya, mara kwa bahari, mara kwa sababu, ili hata kadi ikija na maneno mengine isiwababaishe.

Sasa geuzeni viti mtazamane wawili wawili. Aliye upande wa mlango ndiye mtahini, na swali lake ni lile la hadithi ya utotoni. Aliye upande wa dirisha ana dakika moja na karatasi. Mtahini, usimsaidie akikwama, msubiri apate njia yake. Haya, penseli.